Mbu wa Nairobi bila koili: anza na maji, alafu ndio uende kwa mchaichai na karafuu

Kabla ukate mchaichai ama utafute karafuu, chukua tochi ya simu uzunguke ploti yenu yote. Nasema hivi juu mimi nilianzia mwisho ndio nikarudi mwanzo. Kijana wangu wa pili ana pumu, na kila tukiwasha koili jioni alikuwa anaanza kukohoa saa nne usiku anakohoa mpaka alfajiri, tukaacha koili tukahamia dawa ya kupuliza na hiyo pia ikamshika kifua, nikasema basi wacha nitafute vitu za asili. Nikapaka mafuta, nikafukiza majani, nikaweka mimea kwa dirisha, na mbu bado wanakuja tu. Mpaka Jumamosi moja nikamulika ndani ya lile dramu la bluu tunaweka maji ya kufua huko nyuma. Kulikuwa na vitu vidogo vyeusi vimening'inia juu ya maji, kichwa chini mkia juu, nikigonga dramu vinajikunja vinazama haraka haraka, alafu ukingoja kidogo vinapanda tena kimoja kimoja kuja kupumua. Viluwiluwi, na walikuwa wengi hata huwezi kuhesabu. Hatua tano kutoka kwa mlango wetu.

Mbu anatoka yai mpaka anaruka kwa siku saba mpaka kumi hivi kukiwa na joto, ile baridi ya Julai inamchelewesha lakini haimmalizi. Kwa hivyo kazi ni moja, chagua siku moja ya wiki, sisi ni Jumamosi asubuhi, na siku hiyo kila kitu chenye kinashika maji kinamwagwa kabla hao wadogo wapate mabawa. Usimwage tu, sugua pia zile kuta za ndani na brashi, manake kuna mbu wenye wanabandika mayai kwa ukuta wa chombo juu kidogo ya maji na hayo mayai yanaeza kukaa makavu miezi mingi yakingoja mvua. Dramu lenye huwezi kumwaga, na najua sote tunaweka maji juu mfereji unakuja siku mbili kwa wiki, lifunike na kitambaa cha neti ya pazia kuukuu alafu ukaze na kipande cha tyubu ya baiskeli. Mfuniko peke yake mara nyingi unaacha nafasi na mbu anahitaji nafasi ndogo sana.

Angalia pia gata ya mabati kama imeziba na majani, tairi za zamani, ile trei iko nyuma ya friji, ndoo ya mopu, vifuniko vya tenki, chupa zimetupwa nyuma ya nyumba. Mtaro ukiwa umekwama ongea na keateka na majirani muuzibue pamoja, ni kazi ya asubuhi moja. Kama kuna kidimbwi hakiwezi kutoka leo, mwaga sabuni ya vyombo kidogo juu yake, ile sabuni inavunja ule ngozi wa juu wa maji wenye viluwiluwi wananing'inia, wanashindwa kupumua wanakufa. Hiyo ni ya kidimbwi cha uani tu, si ya maji ya kunywa na si ya mto, samaki na vyura wanaumia.

Inasaidia kujua ni mbu gani wanakuuma. Wengi wa hapa Nairobi ni wale wa kahawia wa usiku, Culex, wanapenda maji machafu ya mtaro na shimo la choo, ndio hao wanaimba kwa sikio saa saba usiku. Kuna mwingine mweusi ana mistari myeupe kwa miguu, Aedes, huyo anauma mchana na anapenda maji safi ya kwa dramu, na ndiye anabeba dengi na chikungunya, magonjwa ya homa na maumivu ya viungo, yale Mombasa ilipata 2017 na 2018. Wa malaria, Anopheles, hapa ni wachache juu mji uko juu, karibu mita 1,700 hivi na kuna baridi. Kwa hivyo ukiumwa mchana tafuta maji safi yamesimama karibu, ukiumwa usiku tafuta mtaro.

Sasa koili. Mwaka 2003 kuna watafiti walipima moshi wa koili wakapata koili moja ikiungua mpaka mwisho inatoa vumbi laini sawa na la sigara 75 mpaka 137. Mimi nikisoma hiyo nilikaa chini, juu tulikuwa tunawasha kwa bedsita na dirisha tumefunga, na mtoto analala hapo hapo. Lakini sikiza pia upande wa pili: kufukiza mchaichai, mwarobaini, maganda ya machungwa ama leleshwa kavu (kile kichaka chenye majani yananukia), huo pia ni moshi, mapafu hayaulizi kama ni asili. Wazee walikuwa wanafukiza kwa nyumba za nyasi zenye upepo unapita, na wakati mwingine wanatoka nje wanaacha moshi ufanye kazi. Ukitaka kufukiza fanya hivyo hivyo, saa kumi na moja jioni, watoto wakiwa nje, dirisha na mlango wazi, dakika kumi na tano, alafu utoe kila kitu nje hewa ibadilike ndio mfunge. Na tafadhali sana usiache jiko la makaa ndani usiku ati linafukuza mbu, watu wamelala hapa mjini wakakosa kuamka kwa sababu ya jiko. Kwetu hatufukizi kabisa siku hizi.

Mchaichai wa kupaka ndio tunatumia karibu kila jioni, na huu nilifundishwa na shosho anauza mboga karibu na steji. Nilikuwa nimenunua fungu la mchaichai kwake, nikamwambia ni ya mbu, akaniuliza nitafanyaje, nikasema nitakatakata nichemshe. Akatikisa kichwa.

"Mwanangu, hii usikate tu kama sukuma. Iponde kwanza. Isipolia haitoi harufu."

"Nipige na nini shosho?"

Akachukua shina moja akalilaza kwa ubao, akaligonga na mgongo wa kisu mara tatu nne, na kweli ile harufu ya ndimu ilitoka mpaka mteja mwingine akageuka. Mafuta yenyewe yako kwa vifuko vidogo ndani ya jani, usipovivunja hayatoki. Ndio maana pia ule mmea wa kufukuza mbu ukiuweka kwa dirisha umekaa tu vizuri haufanyi kitu, lazima jani liumizwe ndio harufu itoke, nimejaribu na mimea mitatu.

Fanya hivi. Osha mchaichai, upanguse, alafu uanike ndani kwa kivuli usiku mmoja ulegee, manake maji ya kwa jani yakiingia kwa mafuta yanaoza yanafanya ukungu juu. Kesho yake ponda yote, shina na majani, ukate vipande vya urefu wa kidole, ujaze kwa chupa ya jamu ya glasi mpaka shingoni bila kushindilia sana. Mimina mafuta ya nazi mpaka yafunike kila kitu. Chukua sufuria, weka kitambaa chini ndio glasi isipasuke, weka chupa, ongeza maji mpaka nusu ya chupa, washa moto mdogo kabisa. Saa moja unusu mpaka mbili. Maji yasichemke kwa fujo, yawe yanatetemeka tu, na mafuta yakianza kulia kama ya kukaanga umeyaunguza na harufu imeenda. Zima, acha yapoe, chuja na kitambaa safi cha pamba ukikamua mpaka tone la mwisho, weka kwa chupa kavu yenye rangi nyeusi ama kahawia na uiweke mbali na jua. Sisi tunatengeneza kidogo kidogo tunamaliza kwa mwezi. Asubuhi za baridi yanaganda, ishike tu mkononi kidogo ama uiweke kwa maji ya vuguvugu.

Kabla upake mtu yeyote, weka tone moja ndani ya kiwiko ungoje mpaka kesho. Ikiwasha ama ikitoa vipele, hiyo si yako.

Sitaki kukudanganya kuhusu muda. Haya mafuta ya nyumbani ni mepesi kuliko yale yamekamuliwa kwa mashine, yanasaidia nusu saa, ukibahatika karibu saa moja, alafu unapaka tena. Sisi tunapaka saa kumi na mbili unusu watoto wakifanya homuweki, kwa vifundo vya miguu, nyuma ya magoti, mikono mpaka kwa kiwiko, na tunarudia mara moja kabla ya kulala. Usipake mtoto kwa vidole juu ataweka mdomoni ama atafikicha macho. Mtoto wa chini ya miezi miwili usimpake dawa yoyote ya mbu, ya asili ama ya duka, huyo ni neti peke yake.

Karafuu ina nguvu zaidi na ndio maana inataka heshima. Mafuta yake utapata kwa kemisti ama Eastleigh kwa maduka ya uturi, kile kichupa kidogo. Mimi mara ya kwanza nilisoma mahali karafuu inashinda zote, nikamwaga matone kama kumi na tano kwa kijiko kimoja cha mafuta ya nazi nikapaka miguu yote nikaenda kulala nikiwa na furaha. Saa nane usiku niliamka miguu inawaka kama nimemwagiwa pilipili, asubuhi nikakuta mabaka mekundu kwa shini yenye yalikaa karibu wiki. Kwa hivyo pima: vijiko viwili vya mezani vya mafuta ya nazi ama alizeti, hiyo ni kama mililita 30, karafuu matone matatu na usipite hapo. Kama una mafuta ya sitronela, yale ya nyasi jamaa ya mchaichai, badala ya karafuu, hayo unaeza kuweka mpaka matone kumi na mbili kwa kipimo hicho hicho. Karafuu ya mafuta usipake watoto wadogo kabisa, na chupa iwekwe juu, mafuta ya karafuu na ya kafuri mtoto akimeza ni hospitali mara moja, si maziwa wala nini.

Ndimu ndio kitu nitakukataza moja kwa moja. Kila mtu anasema paka ndimu. Maji ya ndimu kwa ngozi alafu utoke kwa jua, ngozi inaungua, inaeza kutoa malengelenge na ibaki na madoa meusi wiki nyingi. Ndimu iweke kwa chai.

Mwarobaini hapa Nairobi haushiki vizuri juu ya baridi, majani mengi yanatoka Ukambani na Pwani, utayapata kavu kwa wauza dawa za miti shamba Muthurwa ama Gikomba. Mafuta yake yananuka, kama kitunguu saumu kimechomwa na njugu, lakini kijiko cha chai kisichojaa kwa kikombe cha mafuta ya nazi kinafanya kazi na kama wewe unavumilia harufu ni mazuri kwa kukaa nje jioni. Ni ya kupaka tu. Mtoto asinyweshwe mafuta ya mwarobaini hata kidogo, yamewahi kuharibu ubongo na ini za watoto wachanga, na mama mjamzito asiyanywe pia. Penye mwarobaini unanifurahisha kabisa ni kwa sukuma zangu za gunia: kilo moja ya majani mabichi yaliyopondwa kwa lita tano za maji, ilale usiku, chuja, ongeza sabuni ya maji kidogo ishike kwa jani, nyunyiza jioni chini ya majani penye vidukari wanajificha. Jioni, si mchana, jua linaivunja haraka.

Watu wengi hawajui kwamba hii nchi ilikuwa inalisha dunia na dawa ya wadudu ya maua. Pareto. Maua meupe yenye moyo wa njano, yalikuwa yanalimwa Molo, Nyandarua, Kisii, na kwa miaka mingi Kenya ndio iliongoza dunia mpaka soko likaporomoka, na sababu moja ni dawa ya kuiga pareto yenye viwanda vinatengeneza kwa bei rahisi. Ile dawa iko ndani ya koili na kopo la kupuliza leo nyingi ni watoto wa hiyo hiyo pareto, wametengenezwa kwa maabara wakae muda mrefu bila kuharibiwa na jua. Nataja hii kwa sababu moja: pareto ni ya asili kabisa na ni sumu kabisa. Inaua nyuki, inaua samaki, na hata mtu akiivuta sana inamshika kifua. Ukipata unga wa maua ya pareto utumie kwa nyufa za ukuta ama chini ya kitanda, ukiwa umefunga pua, na si karibu na chakula wala kwa nyumba ya mtu wa pumu. Kwangu haiingii.

Vitu vimetusaidia kuliko majani yote, na havinuki, ni vitatu. Wavu wa dirisha, ule wa nailoni unauzwa kwa mita, unashona ama unabandika velkro pembeni ndio utoe uoshe, na tunafunga dirisha lenye halina wavu kabla ya saa kumi na mbili jioni. Pili feni ndogo, najua utaniambia Nairobi nani ananunua feni, lakini mbu ni mruka dhaifu sana, upepo mdogo tu chini ya meza unamshinda, na pia unatawanya ile harufu ya pumzi na jasho anafuata. Tatu ni kuosha miguu na sabuni jioni na kuvaa soksi. Harufu ya miguu inawavuta, ni moja ya sababu wanakimbilia vifundo. Nguo iwe pana na ya rangi nyepesi, ile tait nyeusi imebana wanauma juu yake.

Hawa wadudu wengine nitapita haraka. Sisimizi wakifanya laini ukutani, pangusa njia yao yote na siki ama maji ya sabuni mpaka penye wanatokea, wanafuata harufu, ukiiondoa wanapotea. Kunguni usihangaike na majani, hao ni joto: maji yamechemka kwa mbao na nyufa za kitanda, nguo na shuka ziloweshwe kwa maji moto sana, na urudie kila wiki juu mayai yanabaki. Usimwage mafuta taa kwa kitanda, nyumba zimeungua. Mende ni unga wa daiatomaiti, ile mawe meupe mepesi yanachimbwa Kariandusi karibu na Gilgil, ukisagwa unakwaruza nta ya mwili wa mdudu anakauka. Nyunyiza kidogo kama poda nyuma ya jiko na chini ya sinki mahali pakavu, ukiwa na barakoa, na ukiloa haufanyi kazi.

Na ile Nairobi flai ya wakati wa mvua, mweusi na mwekundu mwembamba kama sisimizi mrefu, huyo haumi na hakuna mafuta yatamzuia, anafuata taa. Akikutua mpulize ama umtoe na karatasi, USIMPONDE, sumu iko ndani yake ndio inachoma ngozi. Ukishamponda osha hapo hapo na sabuni na maji mengi na usiguse macho. Zima taa ya nje na ufunge pazia.

Kuna mahali hii yote inafika mwisho. Ukienda nyumbani Disemba, Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay, Kilifi, Kwale, usibebe chupa ya mchaichai ukasema umejikinga. Jaribio moja lililochapishwa Marekani 2002 lilipata dawa za sitronela zinazuia mbu chini ya dakika 20, na ile ya DEET, kemikali ya kupaka ya kufukuza mbu, ya karibu asilimia 24 ikazuia masaa matano. Hapa mjini dakika ishirini inamaanisha kujikuna. Huko inaeza kumaanisha malaria, na kwa mtoto mdogo malaria haingoji. Lala ndani ya neti yenye dawa, nunua ya kupaka ya kemisti yenye DEET, ama ile ya mkaratusi wa ndimu yenye imeandikwa PMD kama mtoto amepita miaka mitatu, na homa ikianza ukiwa huko ama ukisharudi enda upimwe siku hiyo hiyo umwambie daktari ulikuwa wapi.

Mchaichai wenyewe huna haja ya kununua kila wiki. Chagua shina lenye bado lina kitako cha chini, weka kwa glasi ya maji dirishani penye jua, ubadilishe maji kila siku mbili, wiki mbili tatu mizizi itatoka, alafu uhamishe kwa ndoo kuukuu yenye umetoboa chini na uijaze udongo na samadi kidogo. Kwa miezi michache unakata yako. Ukiwa umeweka sahani chini ya hiyo ndoo kushika maji, ijaze mchanga mpaka juu, ama itoe kabisa. Yangu nilimulika juzi na tochi, ilikuwa kavu.